Nyumba Isiyo na Dari

Sosiot,
Agosti, baridi ikielekea mwisho

Binti yangu Cherono,

Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao nilifundisha kwamba barua ya kindugu huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Wanafunzi walioiruka sehemu hiyo niliwarudishia karatasi zao waanze upya. Leo nimeketi na kalamu tangu chakula cha mchana, na mahali pa salamu bado ni patupu. Siwezi kukuuliza kama u mzima. Siwezi kuandika kwamba natumaini barua hii itakukuta salama. Basi nitairuka, nawe hutakuwa na wa kumwambia kwamba umemwona baba yako akiruka kitu.

Mimi nilikuwa mgonjwa. Sasa ninaweza kuketi. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limeharibika, na haifai watu wengine waendelee kulijua ilhali wewe hujaarifiwa.

Baridi ya mwaka huu imepotea, Cherono. Vipimo vyote havifai. Niliilinda nyumba kwa nguvu nilizokuwa nazo, na nguvu hazikutosha.

Nitayaeleza kwa mpangilio, pamoja na yale unayoyajua, kwa kuwa siku hizi nisipoyapanga mambo yananikimbia.

Uliporudi kutoka chuo kikuu ukaniambia kwamba unatafiti namna ya kupunguza kuni na makaa yanayoteketea katika nyumba za watu wa huku, nilidhani utaniletea jiko jipya. Uliniletea habari za dari. Ulisimama katikati ya sebule, ukanyoosha kidole juu kwenye mabati, ukasema, "Baba, tunakata miti ili tuyapashe mawingu joto." Nilikwambia kwamba mzee haelekezwi kwa kidole ndani ya nyumba yake. Lakini usiku ule nililala nikiyatazama yale mabati, na tangu hapo sijawahi kuyatazama kama zamani.

Ulihitaji nyumba mbili zinazofanana. Zilikuwepo: yetu na ya Mama Akinyi, ng'ambo ya michai yetu. Fundi alikuwa mmoja, mbao za namna moja, mabati ya namna moja, na zote mbili zinatazama upande mmoja. Mama Akinyi alikubali kabla hujamaliza kueleza. Unamjua, mwanamke aliyetoka ziwani akiwa msichana kuja kufanya kazi kiwandani, akastaafu hapa, akanunua kipande chake hapa, na sasa huwafundisha Wakipsigis namna ya kuishi na baridi yao. Ukampigilia dari ya vile vibao vyako ulivyovigandamiza kwa makapi ya chai yanayotupwa nyuma ya viwanda, yakichanganywa na udongo na chokaa. Ukaziba nyufa za madirisha yake. Mpaka leo mvua ikinyesha nyumba ile hunukia birika lililoepuliwa sasa hivi.

Yetu ukaiacha kama ilivyokuwa. Ukutani ukatundika kile kifaa kidogo cheupe kinachopima joto na kujiwekea kumbukumbu chenyewe, na kingine kama hicho ukakitundika kwa Mama Akinyi. Kisha ukatoa amri moja: makaa yasiingizwe ndani ya nyumba yoyote kati ya hizo mbili. Kupika ni jikoni, nje. Kuota moto ni nje.

Nilikuuliza kwa nini jirani apewe dari na baba mzazi aachwe kwenye baridi. Ulicheka, ukaniwekea mkono begani, ukasema, "Kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye akiambiwa asiingize makaa, hataingiza hata kama hakuna anayemwona."

Maneno hayo nimeishi nayo kama cheo.

Mwaka wa kwanza uliharibika, nasi tulicheka. Hakuna aliyefanya kosa. Habari zilienea kwamba kwa Mama Akinyi jioni hakuna baridi, na jioni zote watu wakawa na sababu ya kupita huko. Akina mama wa kanisa walihamishia maombi yao pale. Mchunga ng'ombe wa jirani alipita kuuliza saa. Wazee wawili walipeleka kesi ya mpaka wa shamba isikilizwe kwa Mama Akinyi, ambaye hana mamlaka yoyote juu ya mipaka. Naye huwezi kumwambia asimkaribishe mtu chai. Ulipovisoma vipimo ulikuta nyumba ina joto la ajabu. Ukafurahi kwa siku chache, hadi siku ulipoingia mwenyewe saa ya maombi ukakosa pa kukaa. Profesa wako alisema vipimo hivyo havikubaliki, kwa kuwa joto lilikuwa la watu. Ulikuja nyumbani ukajitupa kwenye kiti ukasema, "Baba, nimepima ukarimu."

Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mama yako atutoke.

Ukaamua kuanza upya. Wewe na mimi katika nyumba yetu, Mama Akinyi na mjukuu wake katika yake, na jioni wageni wapokelewe barazani. Ulizunguka mlango kwa mlango ukiwaeleza watu. Kila kitu kilikuwa tayari kusubiri baridi. Kisha, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika, ulienda Chepilat kuonana na watu waliotaka kuviona vibao vyako. Wakati wa kurudi, ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, na lori likakosa breki mteremkoni.

Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Nimejaribu mara kadhaa na mkono unakataa.

Umelala chini ya michai, upande wa juu, mahali ambapo mtu akisimama huyaona mapaa yote mawili. Ndugu yako Kiprono ndiye aliyepachagua. Nilimshukuru wakati ule. Sasa sina hakika kama ni vizuri kuyaona.

Baada ya matanga, watu wakiwa wameanza kurudi makwao, profesa wako alinipigia simu. Alizungumza kwa heshima. Alisema kazi yako inaweza kukamilika ikiwa nyumba zote mbili zitakaliwa kama ulivyopanga, mpaka baridi iishe. Nilimwambia kwamba katika nyumba yetu tulipangwa wawili. Akasema kwamba mtu mmoja aliyepungua anaweza kuingizwa katika hesabu.

Nilimshukuru, nikaiweka simu mezani. Nilikaa nikiitazama mpaka giza likaingia. Mtu mmoja aliyepungua. Sikuwa na hasira naye, Cherono. Ni sentensi sahihi. Haina kosa hata moja.

Basi nikaketi kwenye baridi kwa ajili yako.

Ningekuwa mwongo nikisema ilikuwa rahisi. Tulipokuwa wawili hatukuiona baridi hiyo. Tuliongea, ukanisomea magazeti kwenye simu yako, ukanikera, muda ukaenda. Mtu akiwa peke yake baridi humjia yote. Mwezi wa Juni ulipoanza niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona: alfajiri mabati hutoa jasho, na matone hudondoka mahali palepale kwenye blanketi, karibu na goti. Nikisogeza kitanda, tone nalo hupata mahali pengine. Nilivaa koti la kanisani kitandani. Nilivaa soksi mikononi. Mzee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu, soksi mikononi.

Hata hivyo, baridi haikuwa shida kubwa kuliko zote. Watu walikuwa shida kubwa zaidi.

Unajua kwamba huku kwetu nyumba iliyofiwa haiachwi bila moto. Hata watu wa ziwani wanalishika hilo, pengine kutuzidi. Kwa hiyo jioni ilipofika, jirani mmoja baada ya mwingine alikuja na jiko lake lenye makaa mekundu, akiwa amelibeba kwa kitambaa, akitaka kuliweka miguuni pangu. Hakuna aliyekuwa mbaya. Wote walitaka baba aliyefiwa apate joto. Nami nilisimama mlangoni nikawakataza wasiingie. Nilieleza habari za vipimo. Walinisikiliza kwa upole ule ambao watu humsikiliza nao mtu aliyechanganyikiwa. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake njiani, "Mwalimu anakataa moto. Huyu anataka kumfuata msichana."

Niliwaza kumwita na kumrekebisha. Kisha nikajiuliza kama kuna chochote cha kurekebisha.

Mama Akinyi peke yake hakuniletea makaa. Aliniletea maneno. Alisimama uani, mikono kiunoni, akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu ama ni maziwa ya kuwekwa kwa friji? Hata panya ya hii nyumba yako imehama, iko kwangu inakula unga." Aliniomba nikalale kwake, chumba kipo. Nikamweleza kwamba siwezi, kwa sababu mtu mmoja akiongezeka kwake na nyumba yangu ikikaa tupu, hesabu zote mbili zinaharibika. "Cherono alikuwa anatusumbua na kicheko," akasema. "Wewe unatusumbua na uso kama mtihani." Akaenda zake. Lakini tangu siku hiyo mimi na yeye tulikuwa na ishara: asubuhi moshi wa jikoni kwangu ukionekana, anajua nimeamka.

Mwezi wa Julai moshi haukuonekana.

Ninachokumbuka ni kifua kilichokuwa kizito kana kwamba mtu amenikalia, na ule mdundo wa matone. Nilikuwa nikikuita. Hilo waliniambia baadaye. Nilikuita kwa jina la utotoni, ambalo sikujua kwamba bado ninalo mdomoni. Halafu nikahisi joto usoni. Joto zuri, Cherono. Nisikufiche. Kwa muda mfupi nilifikiri kwamba mambo yote yamerudi mahali pake.

Nilipofumbua macho niliona jiko limejaa makaa mekundu, ndani, karibu na kitanda, chini kabisa ya kile kifaa chako cheupe. Mlango ulikuwa wazi ili hewa ipite. Wanawake wa kanisa walikuwa wamejaa chumbani, mmoja akinikanda kifua, mwingine akichemsha maji. Nilijaribu kuinuka. Nikasema kwa sauti niliyokuwa nayo, "Litoeni nje!"

Mama Akinyi akapiga makofi. "Amekasirika! Leteni uji, huyu hafi leo."

Nililia mbele yao. Walidhani ni kwa ajili ya maumivu, wakanibembeleza.

Jiko lilikaa ndani mpaka daktari wa zahanati aliporidhika. Kila siku liliongezwa makaa. Sikuwa na nguvu za kulikataza, na baadaye, nguvu zilipoanza kurudi, sikuwa na uso wa kuwafukuza watu walioniokoa. Nilikuwa nikilala nikikitazama kile kifaa ukutani, nikijua kwamba kinaandika kila kitu bila kusema neno, na kwamba hakiwezi kuelezwa kwa nini.

Nilimpigia profesa wako mwenyewe. Sikutaka alione jambo hilo kwenye vipimo kabla ya kulisikia kutoka kwangu. Alisikiliza. Akasema, "Pole sana, mzee. Msimu huo hauwezi kutumika." Nikamwuliza kama siku za ugonjwa zinaweza kuondolewa na nyingine zikabaki. Alisema zilizoharibika ndizo za baridi kali, na bila hizo hakuna cha kulinganisha. Vifaa vinaweza kubaki ukutani mpaka baridi ya mwaka ujao. Baada ya hapo vitahitajika kwingine, na utafiti utafungwa kama ulivyo.

Kama ulivyo maana yake ni bila jibu. Vile vibao ulivyovibakiza vimepangwa kwenye karakana pale sokoni, vimefunikwa kwa turubai, na mashine yako ya kuvigandamiza imeanza kushika kutu. Watu wa Chepilat waliulizia baada ya mazishi. Waliuliza swali moja tu: je, imethibitika? Niliwaambia wasubiri. Sasa sijui niwaambie nini.

Kiprono alikuja kutoka Nakuru nikiwa bado nimelala. Amekomaa, ndugu yako. Ameanza kuongea polepole kama mimi. Alitaka kunichukua. Nilipokataa akasema atamleta fundi apige dari hapa hapa, kesho yake. Nikakataa. Akapandisha sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya: "Baba, Cherono hangetaka ufe kwa ajili ya kipimajoto!"

Maneno hayo ndiyo yanayoniamsha kila siku kabla ya jogoo. Pengine anasema kweli. Pengine ungekuja mwenyewe na jiko, ukalitua katikati ya sebule, ukasema, "Baba, inatosha." Ningekutii papo hapo. Lakini amri uliyoniachia ni ile ya kwanza, na aliyeitoa ndiye pekee anayeweza kuiondoa. Kiprono hawezi. Profesa hawezi. Mchungaji alijaribu, akanisomea Maandiko mengi mazuri ambayo hayahusu makaa. Nimepanda kule juu kwenye michai nikakuuliza. Nimekuuliza kwa sauti, mchana, wachuma chai wa jirani wakinisikia. Nikasimama nikisubiri kama mjinga.

Sema neno moja, Cherono. Hata lenye makosa.

Unakumbuka barua zako za shule ya bweni? Nilikuwa nikizisahihisha kwa wino mwekundu na kuzirudisha. Ulipokuwa mtu mzima ndipo uliponiambia kwamba katika kila barua ulikuwa ukitia kosa moja kwa makusudi, mahali pa mwishomwisho, ili ujue kama baba amesoma yote. Nilisoma yote. Sikuwahi kukosa hata moja. Sasa natafuta mahali ambapo pengine umeniachia kitu kama hicho, jambo dogo lisilo sawa, ili nijue unasubiri kuona kama nitalitambua. Nimetafuta chumbani kwako. Nimetafuta kwenye nguo zako. Kila kitu ni safi.

Kuna jambo moja lazima nilieleze kabla sijamaliza. Juzi Mama Akinyi alikuja, akaketi bila kukaribishwa, akasema amefikiria. Anataka dari ing'olewe kwake ipigwe kwangu. "Mwaka ujao wewe kaa kwa joto, mimi nikae kwa baridi," akasema. "Mimi niko na nyama ya kutosha, Mwalimu. Wewe ukigeuka upande mtu hakuoni." Hakuwa akitania, ingawa alicheka. Nilimwuliza profesa, naye akasema nyumba zikibadilishana hivyo hesabu inaweza kuwa na nguvu zaidi.

Ningekubali, binti yangu. Nakiri kwamba moyo uliruka. Lakini nilimwona yule mjukuu wake, Baraka, akicheza mlangoni. Unakumbuka kifua chake kabla ya dari, jinsi tulivyokuwa tukimsikia akikoroma mpaka ng'ambo hii, na bibi yake akimbeba kwenda zahanati amemfunika kwa kanga mbili? Tangu upige dari hajabebwa hata mara moja. Kifaa chako hakiwezi kuandika hilo, na profesa hawezi kulikubali, kwa sababu ni mtoto mmoja tu. Mimi nimelikubali. Nilimwambia Mama Akinyi kwamba dari haing'olewi. Alianza kubisha, kisha akamtazama mtoto, akanyamaza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akinyamaza.

Kwa hiyo hakuna mwingine. Ni mimi.

Naahidi hivi, na unajua kwamba sijawahi kukuahidi jambo jepesi: baridi ijayo nitaketi tena katika nyumba hii isiyo na dari, na makaa hayataingia. Kiprono amekubali kuja kukaa nami miezi hiyo, ili tuwe wawili kama ulivyopanga. Hakukubali kwa furaha. Alisema tu, "Basi tutaganda pamoja." Nimewaomba wanawake wa kanisa kwamba nikiugua wanitoe nje mimi, wasiliingize jiko. Walicheka, lakini wamesikia. Nikiitwa kabla ya wakati huo, sijui. Hapo sina ahadi. Nitakuwa nimekuja kwako mikono mitupu, na utanipokea hivyo hivyo.

Nilimwuliza profesa jambo la mwisho: je, mtu anayeota moto nje, barazani, kisha akaingia kulala, anaharibu vipimo? Akasema hapana. Kisha akasema tena hapana, kwa sauti nyingine.

Basi Mama Akinyi ameanza kuleta jiko barazani kila jioni. Huliweka kwenye saruji, mbali na kizingiti, kwa uangalifu kuliko mtu yeyote uliyemfundisha. Baraka hukaa katikati yetu. Hatuongei sana. Kutoka pale huonekana upande wa juu wa michai.

Ukungu umeanza kushuka. Namsikia ameshafika, ananiita: "Mwalimu, toka nje kabla friji ikugandishe!"

Kwaheri, Cherono. Lala. Ninatoka sasa, na mlango ninaufunga nyuma yangu, joto lisiingie.

Ni mimi baba yako,
niliyesoma yote